Nukta Mbili Mchangani

Jumatatu asubuhi nilikaribia kumzamisha Bibi Tinwor, na kosa lilikuwa langu, si la bahari.

Naitwa Wabak. Kazi yangu ni boti. Miaka tisa nimevusha mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka kijijini kwetu hadi kisiwa cha ng'ambo, ambako wanunuzi hutia nanga. Lakini asubuhi ile sikubeba mbata. Mlima ulikuwa umetoa moshi mweusi siku sita mfululizo, majivu yamelala juu ya magimbi kama unga, maji ya matangi yamegeuka kijivu, na ofisa wa mkoa, kijana wa mji mkuu, Vila, aitwaye Kalmet, alikuwa ametuletea agizo: kijiji kizima kiwe kimehama kabla ya Alhamisi. Meli ya serikali ilikuwa inahamisha vijiji vya mashariki. Kwetu magharibi meli haiingii kwa sababu ya miamba. Tulikuwa na boti moja, yangu, na petroli aliyokuja nayo Kalmet, ya kutosha safari nane za kwenda na kurudi. Hakuna zaidi.

Watu walipanda jinsi wanavyopanda watu wenye hofu: anayewahi anaingia. Na kwetu mtu hamwachi nguruwe wake. Nguruwe ndiye mahari, ndiye faini, ndiye cheo. Mwanamume asiye na nguruwe hata akikohoa kwenye baraza hakuna anayegeuka. Basi waliingia watu kumi na mmoja na nguruwe sita, wamefungwa miguu, wanapiga kelele kuliko watoto. Niliona boti imekaa chini sana. Nilijua. Lakini kila mmoja alikuwa akinitazama, nikaona haya kusema shuka wewe au shuka wewe, nikawasha mashine.

Hatukufika hata kwenye mwamba wa nje. Wimbi la kwanza liliingia kama mgeni asiyebisha hodi, la pili likatujaza hadi magotini. Bibi Tinwor alitupwa nje pamoja na kikapu chake. Kikapu kilikwenda na maji; yeye tulimshika kwa nguo. Tulirudi ufukweni tukichota maji kwa sufuria, na Kalmet alikuwa amesimama pale, uso umemsawijika.

"Basi," alisema. "Kuanzia sasa hapandi nguruwe hata mmoja. Watu tu. Safari sita, tumemaliza."

Chifu Warisul, mtu mkubwa mwenye sauti ya ngoma, alikuwa ameketi juu ya gogo. Kando yake lilikuwepo dume lake la nguruwe, ambalo meno yake yalikuwa yamejikunja hadi kukaribia kufanya bangili kamili. Miaka saba alikuwa amelilisha kwa mkono.

"Kijana," alisema taratibu, "nguruwe wangu asipopanda, na mimi sipandi. Nenda kamwambie aliyekutuma kwamba Warisul ameamua kuiva hapahapa."

Wazee wakaketi kando yake, mmoja baada ya mwingine. Wake zao wakawatazama, kisha nao wakashusha mizigo. Hadi adhuhuri hakuna aliyekuwa tayari kuondoka, na mlima ulikuwa ukinguruma chini ya nyayo zetu.

Hapo ndipo shemeji yangu alipokuja.

Rosina Belaku ni mdogo wake mke wangu, na ndiye mwalimu wa hesabu wa darasa la nane. Ni mwembamba, mpole, hupenda kusema akitazama chini. Muhula ule wote alikuwa akiwafundisha watoto kuchora mistari ya milinganyo, na wazazi walikuwa wamechoka kusikia habari za x na y. Kwenye kikao cha shule, Melsul, mwenye duka, alisimama akamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, mwanangu anarudi nyumbani na x kila siku. Nimejaribu kuikuna pamoja na ndizi tuoke laplap, haiivi." Watu walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, na mke wangu alininyima chakula cha jioni.

Sasa alinishika mkono.

"Shemeji, gunia lako la mbata lina kilo ngapi?"

"Sitini."

"Na boti yako hubeba magunia mangapi?"

"Kumi na tano. Gunia la kumi na sita ndilo la kufa."

"Una uhakika?"

"Shemeji, nimeishi na boti hii miaka mingi kuliko nilivyoishi na dada yako. Ona mstari mwekundu pale ubavuni, niliupaka mwenyewe. Magunia kumi na tano, maji yanaubusu. Yakiuvuka, simbebi hata askofu."

Midomo yake ilicheza akihesabu. Kisha akasema, "Nifungulie banda la mbata. Nataka mizani."

Mchana ule wote tulipima. Mizani ya mbata ina ndoano kubwa, na watoto ndio waliofurahi, wakining'inia mmoja mmoja kama popo. Akina mama walipimwa pamoja na vifurushi vyao, wakimwonya mwalimu asisome kwa sauti. Nguruwe tuliwaleta wamefungwa kwenye miti, wanaume wawili kila upande. Dume la Chifu liliivuta mizani hadi kilo mia na kumi na nane. Rosina aliandika kila kitu kwenye daftari la shule. Kalmet alitufuata akisema tunapoteza muda, lakini hakuwa na lingine la kufanya, kwa hiyo akaishia kushika penseli.

Jioni, jua likiwa bado juu ya bahari, Rosina alikwenda mbele ya baraza la wanaume, mahali ambapo mchanga umesawazishwa kwa ajili ya michoro yetu, ile ambayo kidole huanza mahali, kikazunguka bila kuinuliwa, kikarudi kilipoanzia. Alipiga magoti. Kwa kijiti alichora mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, ikakutana kwenye kona.

"Huu mchoro gani?" akauliza mzee mmoja. "Umeanza na kona, unakwenda wapi?"

"Unakwenda ng'ambo, mzee," alisema, na kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Pamoja na nguruwe wako. Nipeni nafasi nieleze."

Watu wakasogea. Melsul alikuwa mbele, mikono kifuani.

"Mtu mmoja na kifurushi chake, kwa wastani, ni kilo sitini. Nimeongeza kidogo, sikupunguza. Nguruwe, kwa wastani, ni tisini. Boti ni mia tisa. Tuseme watu wanaopanda ni x na nguruwe ni y..."

"Mimi siyo x," alisema Chifu Warisul. "Mimi ni Warisul."

"Haya, Chifu. Sitini mara watu, ukajumlisha tisini mara nguruwe, isizidi mia tisa. Sasa, hatuhitaji kujaribu kila namna ya kupanda, tutakesha. Tunahitaji nukta mbili tu. Kwanza tufanye hakuna nguruwe. Nguruwe ni sifuri. Boti inabeba watu wangapi?"

Sauti ndogo ya mwanafunzi wake mmoja, mjukuu wa Bibi Tinwor, ikatoka nyuma: "Kumi na tano."

"Kumi na tano." Alihesabu hatua kumi na tano kwenye mstari wa kulala, akaweka simbi. "Hapa mstari wetu unaukata mstari wa watu. Sasa kinyume chake. Hakuna mtu hata mmoja. Watu ni sifuri. Nguruwe wangapi?"

"Kumi!" walisema watoto kwa pamoja.

"Boti ya nguruwe watupu!" alipaza Melsul. "Na nani ataendesha?"

"Wabak," mtu akajibu.

"Basi ni kumi na moja!"

Kicheko kiliripuka, hata Kalmet alicheka, na ilinibidi nicheke mimi pia. Zamani kicheko kama kile kingemnyamazisha Rosina. Safari hii alingoja kiishe. Alihesabu kumi kwenye mstari wa kusimama, akaweka simbi la pili. Kisha akachukua kamba yangu ya kuvulia, akaifunga kijiti kila upande, akaivuta kutoka simbi hadi simbi.

"Nukta mbili, mstari mmoja," alisema. "Mzigo wowote ulio juu ya kamba au upande huu wa kona, tunaelea. Ukivuka upande ule wa kule, tunazama. Hakuna dua wala ubishi. Sasa tutazame safari ya leo asubuhi. Watu kumi na mmoja."

Alitembea na kidole hadi kumi na moja.

"Nguruwe sita."

Alipanda na kidole hadi sita, akaweka kipande cha makaa. Kilikaa mbali, ng'ambo kabisa ya kamba, peke yake.

Hakuna aliyecheka. Bibi Tinwor alikitazama kile kipande cha makaa, akaikaza kanga yake mabegani. Mimi nilitamani mchanga unimeze. Asubuhi nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho nikakosa maneno ya kulisema. Na sasa lilikuwa limechorwa pale, mtoto yeyote angelisoma.

"Tulikuwa maiti," alisema Chifu kwa sauti ndogo.

"Karibu, Chifu. Sasa angalieni kamba yenyewe." Aliweka simbi jingine juu yake. "Watu kumi na wawili na nguruwe wawili. Inafaa. Watu tisa, nguruwe wanne. Inafaa. Kila mkitoa watu watatu, wanaingia nguruwe wawili. Kijijini tuko themanini na wanne, pamoja na ofisa, bila Wabak. Nguruwe ishirini na wanne. Petroli, safari nane." Alivuta pumzi. "Safari nne za watu kumi na wawili na nguruwe wawili. Safari nne za watu tisa na nguruwe wanne. Hesabuni wenyewe."

Niliona midomo ikitembea, vidole vikikunjwa. Kalmet alitoa simu yake, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Themanini na wanne," alisema. "Na ishirini na wanne." Akamtazama Rosina kama mtu aliyeona samaki akipanda mti. "Wote. Habaki mtu. Habaki nguruwe."

"Habaki," alisema Rosina.

Kalmet alitembea hadi majini akarudi. Tuliona anapigana na nafsi yake, maana agizo lilikuwa agizo. Mwishowe alimwambia, "Mwalimu, ni wewe utakayesema nani anapanda na lini. Mimi nitasimama nyuma yako. Ila mstari mwekundu ukilowa, nguruwe wanashuka."

"Ukilowa," alisema Rosina, "mama yangu atakuwa ndani. Yeye ndiye wa safari ya kwanza."

Mama mkwe wangu akaguna, "Ahsante kwa kuniuliza, mwanangu." Lakini alikwenda kufunga vikapu.

Jumanne tulianza alfajiri. Rosina alisimama kwenye maji hadi magotini, daftari mkononi, akiita majina. Aliyeitwa alipanda, ambaye hakuitwa alingoja, hata kama alikuwa shangazi yake. Alikuwa amewachanganya wanene na wembamba, nguruwe wakubwa na wadogo, kila safari ikaribie mia tisa bila kuivuka. Nilipotoka na safari ya kwanza, nilikuwa nikiutazama ubavu wa boti kuliko bahari. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele yangu kama askari, nguruwe wawili miguuni pake. Wimbi la mwamba wa nje likaja. Boti ikapanda, ikakaa, ikashuka. Halikuingia hata tone. Nilipiga ukelele ambao ulimwamsha mtoto mchanga.

"Tazama mbele," alisema mama mkwe.

Siku ile tulifanya safari nne. Jumatano tatu nyingine, majivu yakituangukia vichwani, na ng'ambo ufuko ulikuwa umejaa watu wetu na nguruwe wao, wamepasha moto mawe ya kuokea laplap kana kwamba ni sikukuu. Kila nilipofika walipiga kelele, wakihesabu.

Ikabaki safari moja. Watu tisa, nguruwe wanne: Chifu Warisul na dume lake, Kalmet, Melsul na mkewe, wengine wanne, na Rosina wa mwisho. Mlima ulikuwa umeanza kutoa mlio mwingine, mkavu, kama mtu anayepasua mbao. Wakapanda haraka. Nikatazama ubavuni.

Mstari mwekundu haukuonekana. Ulikuwa chini ya maji, vidole vitatu.

"Mwalimu," nilisema.

Alitazama, na uso wake ukapauka. Alihesabu watu. Tisa. Alihesabu nguruwe. Wanne.

"Nilijua," alisema Melsul, akishika ukingo wa boti. "Siku zote nilisema. Hesabu za ubaoni ni za ubaoni. Mshushe nguruwe mmoja, twende, mlima haungoji."

"Nguruwe wa nani?" aliuliza mzee aliyeketi kando yake, na sauti zikaanza kupanda. Kalmet alikuwa tayari ameshika kamba ya dume la Chifu. Chifu aliweka mkono tu juu ya kichwa cha mnyama wake.

"Ngojeni," alisema Rosina.

Alifungua daftari. Nilimwona akisoma namba kwa kidole, polepole, huku majivu yakianguka kwenye ukurasa naye akiyapuliza. Ninakiri, moyoni nilisema amekosea. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumfariji.

"Watu hawa tisa, Chifu akiwemo, ni kilo mia tano thelathini na moja," alisema. "Nguruwe mia tatu hamsini na mbili. Jumla mia nane themanini na tatu. Tunatakiwa kuelea." Alifunga daftari. Alipoinua uso, sikumwona tena yule binti anayetazama chini. "Mstari haujakosea. Ndani ya boti hii kuna kitu ambacho sikukipima."

"Kitu gani tena..." alianza Melsul.

"Shemeji, inua mikeka ya mbele."

Niliinua. Chini ya mikeka miwili, imefungwa vizuri kwa turubai, kulikuwa na jenereta ya duka, na kando yake betri mbili za gari. Mke wa Melsul alifunika uso kwa mikono. "Nilikwambia," alinong'ona. "Nilikwambia, baba Kiri."

Kisha Chifu Warisul, mkono bado juu ya dume lake, akauliza kwa upole kabisa, "Melsul. Hiyo ni x au ni y?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile chini ya mlima unaopasuka. Chifu alicheka hadi boti ikayumba, Kalmet akalazimika kuketi. Melsul mwenyewe alisimama akiwa amenywea kama jani lililomwagiwa maji ya moto.

"Chagua," Rosina alimwambia, bila hasira. "Yenyewe au wewe. Kwa uzito mnakaribiana."

Mimi na Melsul tulivibeba vyote, jenereta na betri, hadi banda la mbata, tukavifunika. Tuliporudi na kupanda, mstari mwekundu ulikuwa nje, ukimetameta, maji yakiubusu tu. Rosina aliinama ukingoni akautazama, kisha akaketi karibu nami.

Bahari ilikuwa mbaya njia nzima, wimbi la kando, upepo wa majivu. Mara tatu boti ililala, mara tatu ikainuka. Nusu ya njia tulisikia mlipuko nyuma yetu, na tulipogeuka tuliona moto mwekundu ukimwagika kuelekea kwenye magimbi yetu. Melsul, ambaye alikuwa akichota maji kwa sufuria tangu tuondoke bila kuambiwa, alianza kulia. Rosina alimpa leso.

"Jenereta utapata nyingine," alimwambia.

"Silii jenereta, mwalimu," alisema. "Nalia kwa sababu nimepanda."

Ng'ambo walikuwa wametuona. Walisimama majini hadi kifuani, themanini kasoro watano, wakishika boti kabla haijagusa mchanga. Walihesabu kwa sauti kila aliyeshuka, watoto ndio wakiongoza: sabini na sita, sabini na saba. Dume la Chifu lilipokanyaga mchanga, wazee walilia kama waliopata mtoto. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Chifu alikataa kutembea mbele ya Rosina. Alimsubiri ashuke, akamshika mkono, akamwinua juu, na ufuko mzima ukapiga kelele moja:

"Themanini na nne!"

Wanawake walimchukua. Walimwimbia, wakampaka unga mwekundu usoni kama anayepandishwa cheo, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, maana Chifu palepale alitoa nguruwe wawili wa kwake, si maneno, akasema kuanzia leo Rosina Belaku ana kiti ndani ya baraza, na atakayembishia alete kwanza mizani. Kalmet alikuwa kwenye simu ya mkoani, akipiga mayowe juu ya kelele zote: "Ndiyo, wote! Nasema wote! Hapana, na nguruwe! Nguruwe, mheshimiwa, ngu-ru-we!"

Nami nilikuwa nafunga boti, nikiwa nimelowa, njaa inaniuma, nacheka peke yangu kwa furaha. Mama mkwe wangu alipita kati ya watu akiwasukuma kwa viwiko, akipiga kifua chake, akimwambia kila aliyekutana naye, wa kijijini kwetu na wenyeji wa kule wasiomjua hata jina:

"Mnamwona yule? Yule pale, mwenye daftari? Nimemzaa mimi!"